Sekunde Kumi na Nne

Milioni tisa wamemtazama Hirobe akiinama.
Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha,
simu kaiegemeza kwenye bakuli la supu,
tukala huku beki wa kulia akikosa penalti,
anakosa tena, na tena,
kila baada ya sekunde kumi na nne.

Mpira unapaa, unavuka mabango ya matangazo.
Watu wanashika vichwa. Yeye harudi kwa wenzake.
Anapiga magoti palepale alipopigia,
kwenye tope la Novemba,
anapapasa nyasi kwa vidole viwili
kama mtu anayemlaza mtoto,
kisha paji la uso linagusa ardhi.

“Anauomba uwanja radhi,” wameandika chini yake.
Kuna mtu huko São Paulo amelia.
Mwalimu mmoja wa Torino amewaonyesha wanafunzi wake.
Zipo fulana. Kipo kikombe cha chai
chenye mchoro wa mgongo wake uliokunjwa.
Miaka ishirini na sita baadaye!
Enzi zile hata gazeti la hapa Sakata lilimkosea jina.

Mimi kandanda siijui. Nilikuwa mfuaji.
Misimu kumi na mitatu nimeloweka jezi namba kumi na saba,
na mtu, nakwambia, humjui kwa sura, humjua kwa doa.
Mshambuliaji alirudi na ukijani magotini,
kipa ubavuni,
nahodha hana kitu ila jasho na manukato.
Hirobe alichafuka mgongo.
Kazi yake ilikuwa kuangushwa
ili wengine wapate pa kukimbilia.

Jioni ile ya penalti nilizamisha soksi zake,
kitu kikalia ti! kwenye beseni.
Chonge. Chonge la chini, zima na mzizi wake.

Alikuwa amepigwa kiwiko kwenye kona.
Refa hakuona, kamera haikuona,
na yeye si mtu wa kushtaki.
Akapiga penalti mdomo umejaa damu,
akakosa, akarudi kutafuta jino lake.
Paji likagusa nyasi kwa sababu macho yake ni mabovu.
Akalipata, na bukta haina mfuko.
Basi.

Kwetu jino la chini la mtoto hurushwa juu ya paa
ili jipya liote likiangalia mbingu.
La mtu mzima sikujua lirushwe wapi.
Nikalitia kwenye kopo la vifungo.

Siku hizi Hirobe anawasha tanuri la bafu la umma,
kule nyuma ya stesheni.
Vijana wanashuka treni na simu zao mkononi:
“Iname, mzee, mara moja tu.”
Anaiinamia ndoo. Anaviinamia viatu vyao.
Siku moja aliinamia mbwa, naye mbwa akaondoka.
Mke wake, Fusae, anasema usiku mgongo unamuuma,
lakini tangu astaafu hajawahi kula vizuri hivi.

Mwezi wa nne klabu ilimwalika, ikampa shada la maua.
Nilibaki nyuma kutafuta mwavuli wangu.
Uwanja ulikuwa mtupu, taa nusu zimezimwa,
nikamwona anakwenda polepole hadi kwenye nukta ya penalti.
Hakuna aliyekuwa akimpiga picha.
Hakuwa amepoteza kitu.
Akakaa chini hapo muda mrefu,
mrefu kupita sekunde kumi na nne,
mimi nimejibanza na mwavuli kama mwizi.

Alhamisi alikuja kwangu na persimoni sita kwenye gazeti.
Tulizungumza habari za theluji, bei ya mafuta ya taa.
Akiwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, akauliza:
“Tokie-san, zile soksi za siku ile…
hukukuta kitu?”

Kopo lilikuwa kwenye rafu, nyuma ya sikio langu.

“Kitu gani?” nikamwambia.

Akacheka, na kwa mara ya kwanza
hakuziba mdomo kwa mkono.